Geti la Pwani Linapolia

Ukiishi Mbezi Beach, Kigamboni au Nyali, huna haja ya kuchungulia dirishani kujua jirani karudi saa ngapi. Geti lake litakuambia. Linaanza kwa mkwaruzo mzito, likifika katikati linapiga yowe, mwisho linagonga nguzo, na mbwa wa mtaa mzima wanaitikia. Mwenye nyumba keshazoea. Mlinzi, ambaye ndiye anayelisukuma umeme ukikatika, keshasema na kujibiwa kwamba fundi atakuja.

Fundi naye akija huja na kopo la girisi. Anapaka reli kuanzia mwanzo hadi mwisho, analisukuma geti mara mbili tatu, kelele inakata. "Lilikuwa kavu tu, mzee." Analipwa, anaondoka. Wiki chache baadaye geti linalia tena, sasa kwa sauti nene zaidi, na limekuwa zito. Hakudanganya: lilikuwa kavu kweli. Lakini ukavu ule ulikuwa na sababu yake, na girisi imeikuta sababu mahali pake na kuifunika.

Nitazungumzia zaidi geti la kuslaidi, lile la chuma linalokwenda juu ya reli, kwa kuwa ndilo lililojaa kwenye nyumba za mwambao. Shata la banda la gari au la duka litafuata baadaye. Kelele ya geti ina habari ndani yake: inaonyesha mahali palipoharibika, na mara nyingi inaonyesha na sababu, alimradi isikilizwe kabla ya kunyamazishwa. Na huku pwani matengenezo huanzia kwenye ndoo ya maji. Mafuta huja mwisho kabisa.

Tuanze na hewa. Mawimbi yanapovunjika kwenye mwamba au ufukweni hurusha matone madogo mno. Tone likikauka angani hubaki punje ya chumvi, na upepo huibeba hadi itue mahali. Kusi, inayovuma kutoka kusini mashariki tangu Aprili hivi hadi Septemba, huzisukuma punje hizo moja kwa moja kwenye nyumba zinazotazama bahari. Nyingi hutua katika mita mia chache za kwanza kutoka ufukweni, na kadiri unavyoingia bara, hasa nyuma ya miti na majumba, ndivyo zinavyopungua. Kwa hiyo geti la barabara ya ufukweni na geti la kilomita mbili ndani, hata yakichomelewa na fundi mmoja kwa chuma kile kile, hayazeeki pamoja.

Chumvi hiyo ikitua haikai kimya. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji na kuyeyuka yenyewe pale unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, na usiku wa Dar es Salaam au Mombasa hupita kiwango hicho bila shida. Ndani ya chumvi ya bahari kuna pia kloraidi ya magnesi, ambayo hunyonya maji hata hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 33 tu. Ndiyo sababu chuma chenye vumbi la bahari hakikauki sawasawa hata katikati ya kiangazi. Ukikipitishia kidole asubuhi unahisi utelezi mwembamba, na hakuna mvua iliyonyesha. Maji hayo yenye chumvi hupitisha umeme, na kutu, kimsingi, ni kazi ya umeme mdogo unaotembea juu ya chuma.

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Sehemu za geti zinazopigwa na mvua huwa na nafuu kuliko zile zilizojificha. Mvua ya masika huosha chumvi kwenye uso wa geti, lakini chini ya bomba la chini, kwenye mifuko ya magurudumu, nyuma ya reli ya meno (ile inayosukumwa na gia ya mota) na ndani ya kasha la rola za juu, chumvi hujikusanya mwaka baada ya mwaka. Piga magoti ulitazame geti lako kwa chini ukiwa na tochi. Juu rangi inang'aa. Chini kuna magamba ya kahawia yanayobanduka kwa ukucha. Na magurudumu yote yako huko chini.

Kutu nayo hujaza nafasi. Chuma kikigeuka kutu huchukua mahali mara mbili au zaidi ya pale pa mwanzo. Kwenye uso wa geti hilo ni suala la sura, lakini ndani ya beringi, ambamo nafasi kati ya gololi na njia yake ni sehemu za mia za milimita, kutu kidogo inatosha kuikwamisha. Beringi ikikwama, gurudumu haliviringiki tena bali linaburuzwa. Likiburuzwa linalika upande mmoja na kupata bapa. Siku litakapobahatika kuzunguka, bapa hilo litagonga reli kila mzunguko. Mlio wa kusaga wa mwaka jana ndio uliozaa kishindo cha mwaka huu, na girisi iliyopakwa kwenye reli haijawahi kuifikia beringi hata siku moja.

Imefanya nini basi? Imekusanya mchanga. Mchanga wa kawaida wa viwanja vya Dar es Salaam umejaa chembe za kwatsi, na kwatsi ni ngumu kuliko chuma laini kinachotumika kwenye reli na magurudumu ya bei ndogo. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini kwatsi iko 7; chuma hicho kinacheza kwenye 4 au 5. Changanya chembe hizo na girisi, weka chini ya geti la kilo 300, lipitishe mara kumi kwa siku: umejitengenezea msasa wa bure. Mchanga mweupe wa Paje na Jambiani kule Zanzibar, unaotokana na matumbawe na makombe, ni laini zaidi na haukwaruzi hivyo, ila hushika maji ya chumvi na kuyagandamiza kwenye reli. Hakuna mchanga mzuri kwa geti.

Sasa uchunguzi, ambao hauhitaji kifaa chochote cha gharama: chaki, futi kamba, bisibisi ndefu na nusu saa ya utulivu.

Kwanza litenge geti na mota. Zima umeme wa mota, kisha tumia ule ufunguo wa kuachia uliowekwa kwa ajili ya siku za kukatika umeme. Kabla hujalisukuma, hakikisha vizuizi vya mwisho vipo pande zote mbili na vimeshika imara, kwa sababu geti lisilo na kizuizi linaweza kuchomoka kwenye rola za juu na kumwangukia mtu. Watoto wamekufa kwa njia hiyo. Baada ya hapo lisukume polepole kwa mkono, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Kelele ikipotea, ubovu uko kwenye mota au reli ya meno. Ikibaki vile vile, mota haina kosa, na yeyote anayetaka kukuuzia mota mpya siku hiyo mkatalie.

Pili, weka alama ya chaki ukutani kila unaposikia kishindo, ukifuata ukingo wa mbele wa geti. Kisha soma nafasi kati ya alama. Kishindo kinachotokea mahali pale pale kila safari, kwenda na kurudi, kinatoka ardhini: kiungo cha reli kilichopasuka, kokoto iliyokwama kwenye zege, au reli iliyonyanyuka kidogo. Mara nyingi utasikia viwili, kwa kuwa gurudumu la mbele hupita hapo na la nyuma likafuata, na umbali kati ya alama hizo mbili utalingana na umbali kati ya magurudumu.

Alama zikifuatana kwa nafasi sawa, angalia magurudumu. Pima kipenyo cha gurudumu ndani ya mfereji wake, pale linapogusa reli, uzidishe kwa 3.14. Gurudumu la milimita 80 litakupa sentimita 25 na ushee. Kama alama zako ziko kila sentimita 25, kuna gurudumu lenye bapa au ufa, na kazi iliyobaki ni kujua ni lipi kati ya mawili. Lipige chaki kila moja, sukuma tena, tazama ni chaki ya lipi inayofika chini wakati wa kishindo. Na kama kishindo kinakuja kila mita moja wakati mota imeunganishwa tu, tazama reli ya meno. Huuzwa kwa vipande vya mita moja, na mahali vipande viwili vinapokutana bila kulingana, gia ya mota hurukia jino.

Huu ndio uchunguzi ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu unamaliza ubishi. Fundi na mwenye nyumba wanaweza kubishana kuhusu sauti hadi jua lizame. Sentimita 25 hazibishiwi.

Tatu ni aina ya sauti yenyewe. Mlio mwembamba unaokata masikio, hasa kutoka juu, kwa kawaida ni rola za nailoni zinazolishika geti lisiyumbe: ama zimekauka kwenye mhimili wake, ama zimebana mno. Msago mzito wa chini ni beringi au mchanga. Mtetemo wa haraka haraka usiokatika, mota inapofanya kazi, humaanisha reli ya meno imeilalia gia, nayo gia inabeba uzito wa geti. Inatakiwa pabaki uwazi wa milimita moja au mbili kati ya gia na reli ya meno. Magurudumu yakilika geti hushuka, uwazi huo hufa, na mota huanza kubeba mzigo usio wake. Ukiona unga mweupe au mweusi wa plastiki chini ya gia, jibu umelipata.

Kama bado huna hakika, chukua bisibisi ndefu, gusisha ncha yake kwenye mhimili wa gurudumu, mpini uweke sikioni, mwingine asukume polepole. Beringi nzima hutoa mvumo laini. Mbovu hutoa mchakacho kama wa changarawe. Mafundi wa magari wamefanya hivi kwenye injini tangu zamani, na ni ajabu kwamba wa mageti hawafanyi. Weka vidole na nguo mbali na gurudumu.

Saa nayo isisahaulike. Kuna geti linalolia mchana tu. Chuma hutanuka kwa takriban milimita 0.012 kwa kila mita na kila nyuzi moja ya joto. Geti la mita 5 lililopakwa rangi nyeusi, likipanda nyuzi 30 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, hurefuka karibu milimita 2. Ni kidogo, ila kama rola za juu zilifungwa kwa kubana asubuhi, au reli ilichomelewa kwenye vyuma vya zege bila kuachiwa pumzi, mchana patakuwa na vita. Hapo dawa ni spana ya kulegeza.

Baada ya kujua mahali, osha. Nasema osha kwa maji mengi yanayotiririka, kwa brashi ngumu, kuanzia juu hadi kwenye mifuko ya magurudumu. Lengo ni kuyeyusha chumvi na kuiondoa, kitu ambacho mafuta ya taa, petroli na thina haviwezi, kwa kuwa chumvi haiyeyuki humo. Ile tabia ya kufuta kwa tambara lenye mafuta ya taa huondoa girisi kuukuu na kuiacha chumvi pale pale.

Lakini maji gani? Nyumba nyingi za mwambao, kuanzia Kigamboni hadi Mtwapa, hutegemea kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Mombasa hulishwa na maji yanayosafiri kutoka mbali, chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, lakini hayatoshi, na watu hujazia kwa kisima cha uani. Kuosha geti kwa maji hayo ni kulipaka chumvi upya kwa mpira wa maji. Kama chai ya maji yako ina ladha ya chumvi, usiyatumie kwa geti. Kusanya ya mvua kwenye pipa, au nunua madumu mawili ya maji baridi. Kwa geti la kawaida madumu mawili yanatosha ukitumia ndoo na brashi kwa akili. Mashine ya maji ya presha iache kwa ajili ya gari. Kwenye magurudumu huyasukuma maji machafu kupita mpira wa beringi hadi ndani.

Likikauka, sasa beringi. Geti linyanyuliwe kwa jeki kidogo tu, litegemezwe kwa magogo na kufungwa kamba kwenye nguzo, na watu wawe wawili. Zungusha gurudumu kwa kidole. Likizunguka bila kukwaruza, liache. Likikataa, usipoteze muda kulifufua. Beringi iliyoingia chumvi haiponi. Itoe, ifute ukingo wake, usome maandishi yaliyochongwa hapo. Utakuta namba, kwa mfano 6203 au 6204, na nyuma yake herufi. Namba inaeleza ukubwa: 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje milimita 47, unene milimita 14. Herufi ndizo zinazotuhusu. ZZ maana yake imefunikwa kwa vibati vya chuma pande zote mbili, vinavyozuia vumbi lakini haviyazuii maji. 2RS maana yake ina mpira pande zote mbili. Tofauti ya bei dukani ni ndogo. Huku kwetu nunua 2RS, na usimruhusu muuzaji akuambie ni kitu kile kile. Mfereji wa gurudumu ukiwa umelika na kupata kingo kali, badilisha gurudumu zima, na ukibadilisha moja badilisha na la pili, vinginevyo geti litainama.

Girisi sasa inapata mahali pake: nyembamba, kwenye mhimili na kuzunguka mpira wa beringi, nayo iwe ile inayohimili maji, ya aina wanayotumia watu wa boti. Reli ya chini iachwe kavu na safi. Reli ya meno vile vile, maana watengenezaji wengi wa mota husema wazi isipakwe girisi. Rola za nailoni na mpira zipate dawa ya kupuliza ya silikoni.

Oili chafu ya injini, inayomwagwa kwenye mageti ya Afrika Mashariki kana kwamba ni dawa ya kienyeji, ina masizi, tindikali na vumbi la chuma. Itumie kwenye magogo ya uzio kama huna njia nyingine. Na WD-40, ambayo kila kituo cha mafuta huuza, ilibuniwa mwaka 1953 huko San Diego kwa kazi ya kufukuza maji juu ya chuma. Jina lenyewe ni kifupi cha kazi hiyo na jaribio la 40. Inafaa sana kulegeza nati iliyoshikwa na kutu. Kama kilainishi cha kudumu kwenye geti la pwani haifai, kwa kuwa tabaka inaloacha ni jembamba na huondoka upesi, na wengi huilaumu kwa kazi ambayo haikutengenezwa kuifanya.

Bolti zina hesabu yake. Zile nyeupe au za njano zinazong'aa dukani zimepakwa zinki kwa umeme, kwa kawaida maikroni 5 hadi 8, yaani sehemu za elfu za milimita. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 hugawa mazingira kwa ukali wake, na katika kundi la C5, ambamo nyumba za karibu na mawimbi huingia, zinki huliwa maikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Bolti hiyo ina mwaka mmoja, ikibahatika miwili, kisha inaanza kulegea na geti linapata mlio mpya wa kutikisika. Zilizochovywa kwenye zinki ya moto huwa na maikroni 45 au zaidi, hazing'ai, zina sura ya kijivu inayokwaruza, na wanunuzi huzikataa kwa sababu hiyo. Chuma kisichoshika kutu nacho kina daraja. Ile 304 hupata madoa ya chai karibu na bahari. 316, yenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3, huvumilia zaidi. Bolti ndogo ya aina hiyo kwenye geti la chuma cha kawaida haina madhara makubwa. Kinyume chake, bolti ya kawaida kwenye bamba la 316 huliwa kwa kasi kuliko ingekuwa peke yake.

Penye kutu ya juu juu, fundi atakwangua kwa grenda hadi chuma king'ae, apake rangi jioni hiyo hiyo. Jaribu kumzuia usiku mmoja. Asubuhi utakuta weupe ule umegeuka rangi ya chungwa, hasa kwenye vishimo, kwa kuwa chumvi imejichimbia humo na grenda haiifikii. Rangi iliyopakwa juu ya chumvi huvuta unyevu kupita utando wake na kutoa malengelenge. Kwangua, osha kwa maji baridi, kausha, kwangua tena, ndipo ipakwe dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, praima na rangi. Na kama geti ni la mabati ya zinki na linahitaji kuchomelewa, zinki iondolewe kwanza kwa grenda pale pa kuchomea. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, moto wa kuchomelea unaizidi mbali, na moshi wake humletea fundi homa ya siku moja au mbili. Maziwa ambayo mafundi wengi huyanywa hayauzuii moshi huo kuingia mapafuni. Barakoa sahihi na kufanya kazi upepo ukiwa mgongoni ndivyo vinavyosaidia.

Kabla ya kutumia fedha kwenye rangi na beringi, gonga geti kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, kando ya bomba lote la chini. Skwea paipu huoza kutoka ndani. Maji huingia kupitia kiungo cha juu ambacho fundi hakukichomelea kwa ukamilifu, hushuka, hukaa chini, na kwa nje huoni kitu. Bomba zima hulia kwa sauti ya wazi. Lililooza hutoa sauti fupi iliyokufa, na pengine nyundo huzama. Hapo magurudumu mapya hayana pa kushikilia, na ni bora ukate bomba la chini lote uweke jipya, ukitoboa tundu dogo la kutolea maji kila baada ya nusu mita, upande wa chini. Matundu hayo mafundi huyasahau karibu siku zote. Huenda ni kwa sababu mteja akiyaona hudhani geti limetoboka.

Wazee waliochonga milango ya Zanzibar walilikwepa tatizo hili kwa namna yao. Mabawa ya mlango hayakuning'inizwa kwa bawaba za chuma. Yalizunguka juu ya vigingi vya mti vilivyoingia kwenye matundu ya kizingiti cha juu na cha chini, na njumu za mapambo zilikuwa za shaba. Huwezi kulifanyia hivyo geti la gari. Lakini ukijenga upya, mbao au alumini kwenye fremu, na chuma kibaki kwenye magurudumu na reli tu, ni wazo linalostahili kupigiwa hesabu kabla ya kuagiza tena chuma kile kile.

Shata ni mnyonge zaidi, kwa sababu halioshwi na mvua kabisa. Hujikunja kwenye kasha lake juu ya mlango, likiwa na chumvi yake, na kulala nayo. Bamba zake hushikana kwa ndoano zinazosuguana kila linapofunguliwa, na karatasi nzuri ya mabati ina zinki ya maikroni 20 hivi kila upande. Kwenye ndoano zinki hiyo huisha mapema, ndiyo maana shata huanza kutoa mistari ya kutu iliyolala sambamba, mmoja kwa kila kiungo. Literemshe lote, lioshe ndani na nje, safisha mifereji ya pembeni kwa brashi nyembamba hadi chini ambako mchanga hujaa, liache likauke wazi. Mifereji isugue kwa mshumaa mkavu au ipulize silikoni. Girisi humo itafanya kazi ile ile iliyoifanya kwenye reli ya geti.

Kuna kitu kimoja cha shata ambacho mwenye nyumba asikiguse: springi zilizo ndani ya bomba la juu. Ndizo zinazobeba uzito, na zimekazwa wakati wote. Unaweza kuzipima bila kuzifungua. Inua shata la mkono hadi kiunoni, achia taratibu mikono ikiwa tayari. Likibaki hapo, springi ni nzima. Likishuka kwa nguvu, au likihitaji watu wawili kuliinua, springi imechoka au imekatika, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye spana za bomba na mwenzake wa kumshikia. Milango ya kunyanyuka ya vipande, yenye springi juu ya kizingiti, ni hatari vile vile. Springi zake kwa kawaida hukadiriwa mizunguko 10,000, ambayo kwa kufungua mara nne kwa siku ni chini kidogo ya miaka saba, na vishimo vya kutu hupunguza hesabu hiyo.

Ukishaliosha, ukalikausha na kulipitishia mshumaa, shata bado litapiga kelele. Bamba tupu za bati zikijikunja juu ya bomba tupu la chuma lazima zigongane, na hakuna dawa ya kopo inayobadilisha hilo. Utakachokuwa umeondoa ni ule mkwaruzo wa pembeni na ule uzito wa kuinua. Anayetaka ukimya zaidi ya hapo atafute shata la alumini lenye povu ndani ya bamba zake, na aulize bei akiwa ameketi.